Bila Nyongeza

Otiato ameniandikia bei kwenye kipande cha katoni:
megabaiti tano kwa shilingi tano, mwisho saa sita usiku;
ishirini na tano kwa ishirini, vilevile saa sita;
na kule chini, kwa herufi nene kama za mlango wa kanisa,
bando la mwezi, elfu moja kasoro shilingi.
"Chagua, Mama Ayuma. Simu hii haili umeme tu."

Simu yenyewe imetoka Kisumu, mkono wa pili,
kioo chake kama kipande cha sabuni
ambacho mtu mwingine ameshakiogea nusu.
Haina vitufe. Naipapasa
kama ninayechambua pojo.

Mimi nauza nafaka hapa Luanda, mwaka wa kumi na tisa.
Kipimo nakijua.
Naijua gorogoro iliyogongwa kitako kwa nyundo,
nalijua dole gumba linaloingia mkebeni pamoja na mahindi,
namjua anayemimina polepole
ili punje zikae kwa maringo na hewa ijaze pengo.
Kwa hiyo nikauliza:
megabaiti moja ni gorogoro ngapi?
Otiato akacheka. Sikucheka.
Nani anapima? Akipima anasimama wapi?
Nitakiona kitako cha mkebe,
au nitaambiwa tu imeisha?

"Utaambiwa."

Nikachukua ya ishirini.
Nikakwangua kadi, unga wa fedha ukanijaa ukuchani,
nyota, nambari, reli,
na bei ya mahindi ya Kitale ikafunguka
nilipokuwa namaliza kikombe cha chai.
Gunia limeshuka.
Makokha alipofika na lori lake na uso wa matanga,
akaanza kunieleza ukame,
nilimwacha amalize. Kisha nikamtajia bei.
Mia nane nzima ilibaki kwenye aproni yangu siku ile
kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi.
Hiyo nayo tuipime kwa mkebe gani?

Lakini mchana, simu ikiwa imelala tu mfukoni,
haijaguswa na mtu,
ikala kumi na tisa.
Otiato anasema ilikuwa inajisasisha.
Panya naye hujisasisha ghalani.

Saa tano na nusu usiku zilibaki nne.
Saa sita zinafutwa, ujumbe umesema hivyo, bila haya.
Hata dumuzi huhitaji miezi kadhaa kumaliza gunia!
Nikamwamsha Ombayo. Nikamwambia, tuzile.

Tukafungua ramani, ile ya picha kutoka juu.
Ilikuja mraba baada ya mraba, kama anayeshona kiraka:
barabara ya Busia, reli, soko likiwa tupu,
mawe makubwa ya kwetu yakionekana kama ugali uliotapakaa,
halafu bati letu, nusu kutu, nusu jipya,
na nyuma ya jiko, mkaratusi.

Umesimama. Una na kivuli.
Ule tulioukata Februari, tukauuza kwa nguzo,
Ayuma akarudi shule.

Ombayo akaunyooshea kidole. Akaugusa.
Picha ikaruka hadi kwa jirani.
"Rudisha," akasema. "Rudisha, rudisha."
Nikarudisha. Likaja bati. Likaja jiko.
Pale pa mti pakaja mraba wa kijivu,
na simu ikatetemeka mkononi: ndugu mteja.

Ombayo akageukia ukuta.
Mimi nikabaki na kile kijivu, nikipiga hesabu.
Ishirini leo, ishirini kesho, mwezi ni mia sita.
Kubwa ni elfu, lakini haifi usiku.
Labda Otiato ana haki.

Ila mimi, kila gorogoro ninayouza,
nikishaisawazisha kwa kiganja,
huchota konzi moja nikaitupia juu,
ya mtoto, ya kuku, ya kumwagika njiani.
Asubuhi nitamuuliza konzi yangu iko wapi.
Mraba mmoja tu.
Sikuomba mti wote.